Banda la Walinzi Limetazama Bondeni

Barua ya wazi kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, Polisi Kata wetu, Mtendaji wa Kata na Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa

Waheshimiwa,

Salaam. Tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Agosti mwaka huu nyumba 14 za mtaa wetu zimevunjwa usiku. Ya kumi na moja ilikuwa yangu. Walibeba mota ya kisima, mtungi mkubwa wa gesi, na redio ambayo marehemu mke wangu aliipenda pengine kuliko alivyonipenda mimi. RB, ile karatasi ya polisi ya kuripoti tukio, ninayo, nimeikunja kwenye pochi mpaka wino umeanza kufutika. Mpaka leo hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa hata nyumba moja kati ya hizo.

Hata hivyo, ukimuuliza mtu yeyote hapa nani anavunja, atakujibu kabla hujamaliza swali: "Si wale wa bondeni."

Nimefundisha Jiografia sekondari miaka 31. Mwenyekiti, wewe mwenyewe ulikaa dawati la tatu dirishani, na kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani, zilikushinda. Sikukumbushi kukuaibisha, mwanangu. Nakukumbusha kwa sababu barua hii inahusu ramani, na nisingependa mtu aseme mzee ameanza kujiingiza katika mambo asiyoyajua.

Kwa ambao hawajafika, mtaa wetu umekaa kwenye mteremko. Juu kuna lami. Chini kuna kijito kinachokwenda kuingia Msimbazi, na ng'ambo ya kijito ndiko bondeni: nyumba za watu walioshindwa bei ya kiwanja cha juu, zilizopungua kila maji yalipokuja. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wenzao walipelekwa Mabwepande. Wengine wamelipwa fidia wakabomolewa kupisha mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi. Waliobaki wamezungukwa na mapagale na vifusi, na ukisimama huku juu jioni ukatazama kule, nakiri panatisha. Kati yetu na wao kuna kivuko cha miguu cha chuma na mbao, upana wa mtu mmoja na ndoo yake.

Mwezi wa Julai kikao cha mtaa kiliamua tuchange sh 5,000 kila nyumba kwa ajili ya ulinzi shirikishi. Nililipa, na nimelipa kila mwezi tangu hapo. Likajengwa banda la mabati la walinzi. Mnajua lilijengwa wapi? Kwenye mdomo wa kivuko, mlango ukitazama bondeni. Walinzi wanne, tochi nne, wote wameipa lami mgongo.

Kuanzia hapo walinzi wakawa wanaleta taarifa, na taarifa zote zilikuwa za watu wa bondeni. Fulani kapita saa sita usiku, fulani ana mfuko, fulani kaulizwa akajibu kwa jeuri. Bila shaka. Ukimweka mtu atazame bonde atawaona wa bondeni. Wanaorudi usiku kule ni wapishi wa mahoteli, wabeba mizigo wa sokoni na dada wa usafi wa hospitali, na kivuko ndiyo njia yao pekee ya kufika nyumbani. Lakini daftari la walinzi likijaa majina ya upande mmoja, anayelisoma anaona ushahidi.

Daftari hilo ndilo lililozaa msako wa Agosti. Difenda mbili zilikuja alfajiri, vijana wakapakiwa. Mmoja ni mtoto wa mama anayeniuzia vitumbua, kijana wa mkokoteni. Alikaa mahabusu siku tatu, akatoka bila shtaka, akakuta mkokoteni wa watu umeshapewa mwingine. Nilipofuatilia kujua kosa lake, askari wa zamu, kijana mwenye adabu tu, aliniambia, "Mwalimu, huyu anakaa kule kule." Nikasubiri sentensi imalizike. Ilikuwa imekwisha.

Basi nikanunua manila.

Nilifanya kile ambacho kidato cha pili wangefanya wakipewa wiki mbili. Nilichora mtaa kwa hatua na futi kamba, mjukuu wangu akishika ncha ya pili. Kila nyumba iliyovunjwa niliiweka kwa namba yake ya anwani ya makazi, ile tuliyobandikiwa milangoni mwaka 2022 kabla ya sensa na ambayo sijaona mtu akiitumia kwa lolote zaidi ya kuelekeza bodaboda. Pembeni nikaandika tarehe, saa kadiri mwenye nyumba alivyoweza kukisia, na vitu vilivyochukuliwa. Sikuandika jina la mtu yeyote anayeshukiwa. Mjukuu alitaka tuipige picha tuirushe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, nikamkatalia. Mnalijua lile kundi. Asubuhi mtu angekuwa amechorewa duara jekundu kwenye nyumba yake, na jioni tungeokota majivu, halafu magazeti yaandike "wananchi wenye hasira kali".

Kitu cha kwanza nilichokiona kilinifanya nikae chini. Kivuko kilisombwa na maji usiku mmoja wa Aprili. Mwenyekiti unakumbuka, tulichangishana mbao. Kilirudishwa katikati ya Juni. Katika wiki hizo karibu tisa zilivunjwa nyumba 5. Kijito cha masika mnakijua: maji ya kifua, yamebeba chupa, matairi na mbwa waliokufa. Mtu wa bondeni aliyetaka kuja kwetu ilibidi azunguke hadi daraja la barabara kuu, mwendo wa zaidi ya kilomita mbili, apite mbele ya kituo cha mafuta chenye taa na mlinzi, ateremke kwetu, avunje, kisha arudi njia ile ile na mzigo kichwani. Na mzigo wenyewe? Katika hizo nyumba tano ziliondoka friji moja, televisheni mbili, cherehani ya miguu na mitungi ya gesi minne. Cherehani ya miguu, waheshimiwa. Jaribuni kutembea nayo hata mita mia.

Nikarudi kupima. Nyumba 9 kati ya 14 ziko ndani ya hatua 60 kutoka mahali ambapo kirikuu inaweza kuingia na kugeuza. Nyumba za mteremkoni, zinazofikika kwa miguu tu na zilizo karibu zaidi na kivuko, zimevunjwa mbili, na kote kuwili vilichukuliwa vitu vya mkononi. Kama mwizi angekuwa anatoka chini kwa miguu, mimi ningetegemea picha iliyopinduliwa.

Kuna pia ile hoja ya ushahidi wa macho, kwamba wezi wa nyumba ya saba walionekana "wakikimbilia bondeni". Nilikwenda kusimama aliposimama shahidi. Anachoweza kuona pale ni hatua kama 40 za kichochoro, kisha kuna kona ya ukuta. Baada ya kona njia inagawanyika: kushoto kivukoni, kulia nyuma ya shule na kupanda tena hadi lami. Shahidi hakusema uongo. Aliona watu wakikimbia kuteremka. Mtu akikimbizwa mlimani hukimbilia mteremko, ndivyo miguu ilivyo. Sisi ndio tuliomalizia safari kwa niaba yake na kuwafikisha bondeni.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi mwizi anakaa juu kwenye mageti, wala sisemi bondeni hakuna wezi. Simjui mwizi. Ninachosema ni kwamba mahali panaweza kumsaidia mpelelezi pakisomwa kwa kina, na kwamba sisi hapa hatukusoma, tulisoma kichwa cha habari tu.

Kuna kisa cha Uingereza nilichokuwa nikiwasimulia wanafunzi kila mwaka, na leo nakileta kwenu kwa sababu kina pande zote mbili. Kati ya mwaka 1975 na 1980 mtu mmoja aliua wanawake 13 kaskazini mwa nchi ile. Mwaka 1978 na 1979 polisi wakapokea barua zilizotumwa kutoka mji wa Sunderland, kisha ukanda wa sauti wenye lafudhi ya upande huo, mtu akijidai ndiye muuaji. Wakuu wa upelelezi wakaamini. Kuanzia hapo lafudhi ikawa chujio: asiye na lafudhi ya kule alikuwa na nafasi nzuri ya kuachwa. Muuaji, Peter Sutcliffe, alikuwa mtu wa Bradford, mji mwingine wenye lafudhi yake. Katika upelelezi ule alihojiwa mara tisa na kuachwa mara tisa. Baada ya ukanda ule kufika, wanawake 3 zaidi waliuawa. Aliyeutuma alikuwa mzushi tu aliyekuja kupatikana miaka mingi baadaye kwa vinasaba vya kwenye bahasha, akafungwa miaka minane mwaka 2006. Ndivyo inavyokuwa polisi wakipenda mahali kuliko ushahidi.

Upande wa pili wa kisa ni huu. Desemba 1980 mwanasayansi wa uchunguzi, Stuart Kind, aliyekuwa katika jopo lililoitwa kuupitia upelelezi, alichukua mashambulizi 17 akayaweka kwenye ramani. Akatafuta kitovu chake. Kisha akatazama saa, na hapo ndipo ninapompenda. Alifikiri hivi: mtu anayetaka kurudi nyumbani mapema atafanya tukio mapema akiwa mbali na kwake, na atachelewa zaidi akiwa karibu. Hesabu ikampeleka Bradford, upande wa Manningham au Shipley. Sutcliffe alikuwa anakaa Heaton, katikati ya sehemu hizo mbili. Lakini hata yeye hakukamatwa kwa ramani. Januari 1981 askari wa doria mjini Sheffield walimsimamisha kwa sababu gari lilikuwa na namba bandia.

Baadaye askari wa Vancouver nchini Kanada, Kim Rossmo, aliifanya kazi ya aina hiyo kuwa elimu kamili, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1995. Utaratibu wake hautoi jina la mtu. Unawaambia wapelelezi waanzie kutafuta wapi katika orodha ya watu ambao tayari kuna sababu nyingine ya kuwatazama. Tena unadai jambo moja gumu: uwe na uhakika wa kutosha kwamba matukio uliyoyaweka kwenye ramani ni ya mkono mmoja. Ukichanganya mikono miwili, kitovu kinaangukia kwa mtu asiyehusika kabisa.

Mimi mwenyewe nilikaribia kuangukia shimo hilo. Ramani yangu ilikuwa na doa jeupe: ng'ambo ya kijito hapakuwa na nukta hata moja. Nikajisemea, kumbe wezi hawaibi kwao. Watu wa mtaa wangeipenda sana nukta ile isiyokuwepo. Siku moja nikiwa nanunua vitumbua nikamuuliza mama, hivi nyie huku hamuibiwi? Akacheka mpaka akaweka upawa chini. Yeye ameibiwa simu na masufuria mawili. Jirani yake, pasi na nguo za kamba. Kabla jua halijapanda nilikuwa na matukio 6, ya miezi ile ile, na hakuna hata moja lenye RB. Mbona hamkuripoti? "Mwalimu, niende kituoni niseme natoka bondeni nimeibiwa? Si nitalala huko huko."

Matukio yao sita ni ya mchana, ya vitu vidogo, kwenye nyumba zilizoachwa na mtoto. Ya kwetu ni ya usiku, kati ya saa nane na saa kumi, yenye mizigo ya kupakia. Nayaona kama kazi ya watu tofauti, ingawa siwezi kuapa. Zile nyumba mbili za mteremkoni, zilizoibiwa vitu vya mkononi, huenda ni za wezi hawa wa vitu vidogo na zimeingizwa kwenye hesabu yetu kimakosa. Hapo tayari 14 zimekuwa 12. Kazi ya namna hii ndiyo ninayoiomba kutoka kwenu, maana mimi sina mamlaka ya kumuuliza mwenye kirikuu alikuwa wapi.

Mtaniruhusu niseme neno la historia, fupi. Jiji hili la Dar es Salaam lilipangwa kwa shaka. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, kila watu na eneo lao, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenganisha wa Kariakoo na wenzao wa upande wa pili. Babu zetu wakawa wanaulizwa wanafanya nini upande usio wao jua likizama. Wakoloni waliondoka, lakini sheria yao ya uzururaji tuliibakiza katika Kanuni ya Adhabu, na swali lile lile sasa tunaulizana wenyewe kwa wenyewe kwenye mdomo wa kivuko, tena kwa tochi tulizozinunua kwa mchango. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13, inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika. Kijana wa mkokoteni hakufikia hata hatua ya kuwa mshtakiwa.

Na Mkuu wa Polisi, naielewa shinikizo mnayoipata. Nilikuwepo Januari 2015 jiji lilipofunga maduka na watu kukimbia kwa maneno tu kwamba Panya Road, yale magenge ya vijana wahalifu, wanakuja, na nilikuwepo mwaka 2022 walipovamia watu kweli kweli. Watu wakiogopa wanataka kuona difenda. Difenda ikirudi imejaa vijana, mtaa unalala. Kwetu ulilala siku nne. Siku ya tano ikavunjwa nyumba ya kumi na nne, nyuma kidogo ya lami, wakati nusu ya wale "wa bondeni" bado walikuwa mikononi mwenu.

Ninachoomba hakina gharama kubwa. Lile banda lihamishwe, au angalau walinzi wawili kati ya wanne wapelekwe juu, pale kichochoro cha zamani kinapotokea kwenye lami, waandike namba za magari yanayoingia baada ya saa sita usiku. Namba ya gari iliwafaa askari wa Sheffield kuliko ramani, nasi inaweza kutufaa. Ule ukuta uliojengwa mwaka juzi ukaziba njia ya kati, mwenye nao namheshimu lakini njia ile ilikuwa ya watu wote. Tangu izibwe hakuna mpita njia kule nyuma baada ya magharibi, na nyumba 4 kati ya zilizovunjwa zinatazamana na ukuta huo. Mtendaji wa Kata, hilo ni lako, na ulishaandikiwa.

Polisi Kata naomba aje bondeni siku moja bila difenda, akae kwenye benchi la mama vitumbua, aandike yale matukio sita. Bila hayo ramani yoyote mtakayochora itakuwa na doa jeupe kama yangu, na doa lile litasomwa vibaya.

Na kila atakayekamatwa aandikiwe sababu inayomhusu yeye: alionekanaje, ana kitu gani cha nani, alikuwa wapi saa ngapi. Ikiwa sababu pekee ni upande wa kijito anakolala, askari aandike hivyo hivyo kwenye kitabu na aweke sahihi yake, ili siku moja tuweze kuhesabu ni wangapi. Kijana wa mkokoteni hajarudishiwa kazi. Nimemwomba mwenye mkokoteni, akaniambia hana ugomvi naye, ila wateja wanasema.

Ramani sitaibandika popote. Iko chini ya godoro langu, manila mbili zilizounganishwa kwa gundi, na nakala haipo. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuja nayo ofisi ya mtaa. Nahitaji meza ndefu, na mtu mmoja wa kushika ncha ya pili, maana mjukuu atakuwa shule. Mwenyekiti, kontua nimezichora kwa wino wa kahawia. Nitakuelekeza tena.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, nyumba ya kumi na moja